Mbuzi na Mbuzi

Alfajiri, Muyeye, upande huu wa Malindi,
napita na ndoo mbili nikibisha madirisha ya jikoni:
"Mna machicha?"
Bi Nasra wa wali wa nazi hucheka.
Kasimile imeshaingia sufuriani,
tui la pili limefuata, jepesi kama shukrani ya mdeni,
na yaliyobaki, kwake, ni ya kuku.
"Wewe huna kuku, Nyevu. Unafuga nini?"

Nafuga wasioonekana.
Niliwachota kwa kijiko nyuma ya banda la baba,
kwenye tope la shimo la ngozi
ambalo hata mbwa hulizunguka kwa mbali.
Nikawapa chumba cha kioo,
joto la mtoto mwenye homa kidogo,
chumvi kiasi, maganda ya muhogo, machicha ya Bi Nasra.
Bakteria hawana meno,
hutema kwanza, ndipo wale.
Mate yao ndiyo ninayoyataka:
kimeng'enya,
neno refu kwa kitu kisichojaza kijiko.

Mara ya kwanza stima ilikatika, nikaamkia uvundo.
Mara ya pili niliwachemsha kwa pupa yangu.
Ya tatu nikachuja kwa kitambaa cha chai
maji ya rangi ya majani makavu.

Baba, Changawa, ametumia chokaa miaka thelathini.
Chokaa hunyoa ngozi ya mbuzi
na haiulizi mkono ni wa nani.
Alipokwenda kusajili laini ya simu
msichana wa dukani alimwambia abonyeze.
Tena.
Futa kidole, mzee. Tena.
Mashine haikuona mtu.

Jana nililoweka ngozi kwenye beseni langu.
Leo akapitisha kiganja mara moja tu,
manyoya yakamfuata yote
kama shuka linalovuliwa kitandani.
Akanusa. "Imeoza."
"Haijaoza, baba. Imenyolewa."
"Na nani?"
Nikamsogezea ndoo.
Akayafinya machicha, akayatazama kitambo.
"Kumbe mbuzi kamnyoa mbuzi."
Ile ya mti, yenye ulimi wa chuma,
imemnyoa huyu aliyekuwa Jumamosi
akila maua ya jirani.

Hakusifu. Alitumbukiza mikono yote miwili beseni,
akangoja iwashe.
Akangoja.

Kesho Ijumaa, Muyeye nzima itakuna nazi.
Nitahitaji ndoo ya tatu.