Cherehani Kichwani

Meza moja, dada wawili, skrini mbili,
nyumba ya kupanga Al Khoudh, orofa ya pili,
kiyoyozi kinakohoa.
Mie nalipwa nisifute kitu.
Thuwaiba analipwa afute.

Yeye huondoa waya wa umeme uliopita juu ya msikiti,
chunusi ya bibi harusi, bei ya zamani;
aliwahi kuitafuta wiki nzima nyekundu
ya kopo la halua, hadi akaota zafarani.
Mie hurudi na vumbi ndani ya lenzi
na jina la mtu nimeliandika kiganjani,
maana mhariri hupiga simu saa tano usiku:
"Huyu nani? Ana umri gani? Una hakika?"

Mwaka wa kimbunga nilikuwa Suweiq.
Wadi lilikuwa limeingia sokoni bila hodi,
likapanga friji juu ya gari, gari juu ya ukuta.
Nikamwona mtu anatoka kwenye giza la duka,
tope kifuani, cherehani kichwani,
mkono mmoja kaishika, wa pili kanyanyua kikoi.
Nikabonya mara tatu. Ya pili ndiyo.

Gazeti likaitoa ukurasa wa nne,
ndogo kama stempu ya barua,
chini yake: *Mkaazi akiokoa mali.*
Jina nililolituma, Shafiqul, halikuingia.
Nafasi ilichukuliwa na tangazo la magodoro.
Tangazo, nikaja kujua, kalitengeneza Thuwaiba.
Siku mbili hatukusemezana.
Ya tatu umeme ulikatika, tukacheka.

Miezi minane baadaye, kampuni ya bima.
Bwana Haitham, kanzu imepigwa pasi hadi inakata,
kaiona picha kwenye simu ya mtu.
"Hii hii," akasema. "Ila tope lipungue.
Anga liwe buluu. Na huyu bwana
atabasamu kidogo, inawezekana?"

Inawezekana. Ndiyo balaa ya kazi ya dada yangu:
kila kitu kinawezekana.

Akarudi nyumbani, akaifungua picha,
kidole juu ya kipanya, hakubonya.
"Mwenyewe umeshamuuliza?"
Mie, mwenye kadi ya waandishi shingoni,
mie wa *una hakika*, sikuwahi.

Tukaenda Ijumaa. Duka limepakwa chokaa,
alama ya maji bado imetokeza, usawa wa bega.
Shafiqul akaitazama picha kimya,
akaikuza kwa vidole viwili. Si uso wake, ile cherehani.
"Hii si yangu," akasema, kwa Kiarabu cha dukani.
"Ya Delwar, mwenzangu. Yangu ilizama."

Akiokoa mali. Mali ya nani?
Hakuna aliyekosea herufi hata moja,
na bado tulisema uongo.

Na bima?
Alicheka hadi pini zikamdondoka mdomoni.
"Hiyo hapana. Lakini bango la duka,
bango nalitaka."

Nikampiga upya, kavaa shati aliloshona mwenyewe,
Delwar pembeni kanuna, hakuna aliyemwambia acha.
Thuwaiba akaandika jina kwa hati tatu;
ya Kibangla aliinakili kama anachora ua,
mkunjo kwa mkunjo, Delwar akimsahihisha kwa simu.
Usiku nilimwona kaifikia ile alama ya maji ukutani,
kipanya kikasita juu yake,
kikapita.

Malipo: mabuibui mawili kupindwa, na chai ya maziwa.
Bwana Haitham alinunua picha kwengine:
mtu wa nchi nyingine, pakavu, meno yote nje.

Bango likatundikwa. Zuri, wallahi.
Ila namba ya simu: saba mahali pa moja.
Kosa langu. Niliiandika kiganjani,
na jua la Suweiq unalijua.
Sasa kuna mtu Barka anaamshwa kila asubuhi
kuulizwa suruali zimekwisha lini.
Nikampigia kumwomba radhi.
Kasema ameshazoea,
huwaambia duka li wazi hadi saa tatu usiku.
Kwa mazoea nikamuuliza jina, na umri,
na kama ana hakika.