Mkia Mmoja

Kibali kimekunjwa mara nne mfukoni mwa Tokiko:
majike sita, mwisho Februari, bonde la kaskazini tu.
Dume mwenye pembe za kuringia, mwache apite.

Hokkaido, theluji magotini. Miti imesimama uchi,
imechunwa magome hadi kimo cha shingo ya kulungu.
Juu ya hapo ni mti. Chini ya hapo ni mfupa.

Mbwa mwitu waliishia kwenye sumu
enzi za babu wa babu yake.
Kazi yao ikabaki haina mwenyewe,
ikazunguka, ikazunguka,
ikamwangukia mjane wa miaka sitini na mmoja
mwenye goti bovu.

Anavuta pumzi. Anaishika.
Jike anainua kichwa, gome mdomoni,
kama mgeni aliyeitwa katikati ya tonge.

Mlio.
Kunguru wameshafika; wanajua saa za kazi.

Anampasua, mvuke unapanda. Anatafuta mafuta
mgongoni, kwenye figo: hakuna, hata ya kupaka kidole.
"Machi usingeiona," anamwambia,
halafu anajisikia akisema.
Ni kweli. Lakini mbona amesema kwa sauti?

Ofisini, kijana Kudo anapokea mkia, anagonga mhuri,
anauliza kama barabara ina barafu.
"Kidogo," anajibu.
Bado watano.

Jioni anachemsha paja kwa tangawizi,
dirisha limefunikwa na ukungu wa sufuria.
Anakula polepole, peke yake.
Hasazi.