Chupa Juu ya Benchi

Sikudhani kaisukuma kutoka Kizuiani,
jasho mpaka kwenye visigino,
pikipiki ya kaka yake, haiwaki tangu masika.
"Ilikuwa nzima," anasema.
Wote husema hivyo.

Nafungua kifuniko, naingiza pua.
Hii si petroli tupu.
Ina harufu tamu ya zahanati,
ya pamba ya nesi kabla ya sindano.
Kuna mtu kapunguza gharama kwa spiriti.

Nachomoa mpira, nakinga kwa chupa ya juisi,
naiweka juu ya benchi, kivulini.
Ngoja, dada. Chai ya tangawizi,
kikombe kimoja tu.

Haya, tazama sasa:
juu njano, chini ukungu kama maji ya mchele,
na mpaka katikati umenyooka
kama uzi wa mwashi.

Spiriti ina kiu, namwambia.
Haingoji mvua. Hewa inaitosha,
hewa yetu hii hii ya Dar
inayogandisha chumvi koponi
na kuacha shuka mbichi kambani siku mbili.
Hunywa kidogo kidogo, hunywa kimya,
na ikishiba humwacha petroli mwenzake
ikazama na maji, rafiki mpya.
Na injini, masikini,
hunyonya kutoka chini.

Kabureta nayo, usiseme.
Mpira umevimba kama kidole cha mfua nguo.
Jeti imeota kijani.
Natafuta unywele mmoja wa waya wa breki,
napitisha, nainua kwenye mwanga:
bado.
Napitisha tena. Nuru, ndogo kama punje ya ulezi.

"Hii ya juu tuirudishe," anasema.
Imekwisha nguvu. Labda kuoshea cheni.
Anafuta tangi kwa ncha ya kanga
mahali pasipo na vumbi.
"Alijaza mwenyewe, asubuhi ya kwenda Chunya.
Akasema, nikirudi niikute hivi hivi.
Sikumwachia mtu. Hata usiku ule
Mwanamvua alipopata uchungu,
mumewe akagonga mlango,
nilimwambia haina mafuta."

Nashika bisibisi nisiyoihitaji.

Tunamwaga yote kwenye dumu bovu.
Lita mbili mpya. Kiki ya kwanza, hola.
Ya tano, inakohoa.
Ya saba, moshi mweupe, kisha mlio,
na kuku wa Mama Chiku wanatawanyika.

Sasa njoo, leta mkono.
Hii ndiyo koki. Ukijua itakaa, ifunge,
uiache ingurume mpaka imalize iliyomo.
Anafunga. Tunasimama.
Mlio unashuka, unapanda kidogo,
unasitasita kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni,
unakatika.

Namwambia: ikiwa kavu hivi, inajua kungoja.
Na mlango ukigongwa usiku,
lita moja tu, dada,
inafika Rangi Tatu na kurudi.