Noti Sitini na Tano

Asubuhi ile, Musoma, nilikuwa na haraka.
Mwalimu Lugembe alinifunza kuchuja mafuta
chini ya kila bawa, kukinga kichupa, kukiinua juani
kama mama anayepima dawa ya mtoto:
maji hukaa chini, alisema, yametulia kama deni.
Nilichuja bawa la kushoto.
La kulia nikaliambia, tutaonana Mwanza.

Juu ya mdomo wa Simiyu, futi elfu mbili,
ziwa likiwa kulia kwangu, jeupe kwa jua,
injini ikakohoa mara moja, kwa adabu,
kama mgeni mlangoni.
Ikakohoa tena. Kisha kimya.
Rafadha ikawa inazungushwa na upepo tu,
kivivu, kama feni ya ofisini umeme ukikatika.

Watu huniuliza, ulisali?
Sikusali. Nilivuta usukani.
Hili naliungama: mkono wangu, kwa kutaka kuishi,
ulitaka kuinua pua ya ndege
jinsi anayezama anavyoikwea hewa,
na huko juu ndiko kifo kilikokaa kunisubiri.

Shusha pua, we mtoto.
Lugembe, miaka mitatu kaburini,
sauti ileile ya ugoro:
ndege isiyo na injini bado ni ndege,
isiyo na mwendo ni bati.
Noti sitini na tano. Usiichezee hata moja,
huku juu hakuna wa kukukopesha.

Nikashusha.
Nikageuza tangi, likabaki la kushoto peke yake.
Injini ikanguruma sekunde nne,
nami nikaanza kuupenda uongo wake.
Futi mia tatu zilipotea katika mapenzi hayo.

Ziwa: laini kama meza iliyofutwa,
lakini magurudumu yangu hayakunjiki,
yangeyakwaa maji na kunibwaga kichwachini.
Lami ya Magu: nguzo za umeme, lori la pamba limevimba.
Uwanja wa shule: magoli mawili,
na watoto wa mapumziko wanatoka kama kumbikumbi.
Hapana.
Basi majaruba. Moshi wa tanuri la samaki
ukanionyesha upepo, bila malipo.

Meidei, mara tatu.
Mnara wakauliza, mpo wangapi?
Nikasema, mmoja,
kisha nikashangaa kwamba huyo mmoja ni mimi.

Funga mafuta. Zima umeme.
Nikavua kiatu nikakibana mlangoni,
usije ukajifunga kwa pigo.
Sitini na tano. Sitini na tano.
Yangeyange wakaruka mbele yangu, weupe,
bila kukohoa.

Matope yalinipokea kwa mikono yote.
Ndege ikainama, ikafikiri kidogo,
ikaamua isipinduke.
Halafu vyura, kana kwamba hakuna lililotokea.

Mwanamke alikuwa amesimama hatua ishirini,
maji magotini, kitita cha miche kwapani.
Mwangaluka, akasema.
Nikaitikia, mwangaluka,
mdomo wangu ukionja damu na udongo.
Aliitwa Nyanzobe. Alinitazama kichwa, mikono, miguu,
akaridhika kwamba nimetimia,
ndipo akaanza kuhesabu kwa kidole:
mistari kumi na minne. Na tuta umelivunja.
Una noti ngapi?

Nilicheka hadi nikakaa chini majini.

Baadaye, kabla polisi hawajafika,
nilikinga kichupa chini ya bawa la kulia.
Tone lilikuwepo, duara, safi,
kama jicho la furu linanitazama.
Sikumwonyesha mtu siku ile.
Naonyesha leo.

Mfukoni nilikuwa na noti tatu za elfu kumi, zimelowa.
Nikampa zote.
Akazitandaza moja moja juu ya bawa langu zikauke,
akachukua mbili,
ya tatu akanirudishia:
nauli, akasema.