Sahihi ya Sinia

Mara ya kwanza alizaa kwenye kapu la nguo chafu,
wanne. Niliwagawa macho yao hayajazoea jua.
Mara ya pili, juu ya dari ya Bi Mwanamkuu,
watano, na mkojo ukachuruzika hadi kwenye picha yake ya arusi.
Hatukusemeshana mpaka Idi.
Mara ya tatu sikuhesabu.
Mara ya nne kijana mmoja akaniambia, "Nipe, mama,
nitawaacha Mgandini, sokoni hawakosi kichwa cha samaki."
Jioni nikauona mfuko wangu wa unga kando ya reli.
Fundo lilikuwa langu. Mimi nililifunga legevu,
yeye akalikaza.

Sikuufungua.

Kwa hiyo dume jeusi, lile lenye nusu sikio,
lilipoanza tena kulia juu ya mabati, nikasema: la.

Barabara ya Kumi na Nne kila mtu ana neno.
"Unamfunga kizazi? Kiumbe wa Mungu?"
"Mwache ale ujana wake."
Mwenye duka, Sekiondo, hakuuliza dhambi, aliuliza bei.
"Elfu thelathini! Kwa nyau!
Si ungenunua kuku, shangazi, wakakutagia?"

Nikamtia kwenye tenga, tenga nyuma ya baiskeli,
njia nzima anatutukana.
Watoto wa chuoni wakatukimbilia:
"Nyau anakwenda Bombo! Nyau anakwenda Bombo!"
Hakwenda Bombo.
Bombo nilikwenda mimi.

Kwa daktari wa mifugo, Chumbageni, pananuka dawa na mbwa.
Mlinzi mmoja kamleta jibwa lake kuhasiwa.
Jibwa limelala, halina habari;
yeye ndiye aliyebana miguu, kofia mapajani.

Daktari Shemhilu, binti mdogo, glavu zimempwaya:
"Umri?"
Miaka mitatu.
"Kazaa mara ngapi?"
Nne.
Akanisukumia karatasi. "Weka sahihi hapa."
Nani, mimi?
"Si wewe ndiye mwenyewe?"

Kalamu ikanikaa mkononi kama kitu cha kuazima.

Maana mwaka ule, wa sita kitovu bado kibichi,
nilisema kwa mdomo wangu huu: nifungeni, nimechoka.
Wakasema vyema, mama, mumeo yuko wapi?
Mumeo aje atie sahihi.
Mhina alikuwa Pangani, kwenye mkonge.
Alikuja Ijumaa. Akaisoma ile karatasi amesimama,
akaikunja mara mbili,
akaitia mfukoni kama risiti ya mafuta ya taa.

Wa saba ni Zahoro.
Wa nane hakulia.

Zahoro nampenda, msinielewe vibaya.
Hizo elfu thelathini ni zake, alizituma kwa simu
bila kuuliza za nini.

Nikaandika jina langu lote, Mwanaisha binti Kibwana,
nikaongeza na la babu,
polepole, herufi moja moja,
mpaka daktari akatazama saa.

Sinia amerudi na macho ya mlevi,
tumbo limenyolewa, mshono mfupi kuliko kidole changu cha shahada.
Nimemlaza juu ya sinia lile lile lililompa jina,
nilikomkuta mchanga, kajikunja kwenye makombo ya pilau.
Nikamwambia maneno ambayo sikuambiwa mimi:
umefanya kazi, mwanangu, pumzika.
Akatapika kidogo. Akalala.

Usiku dume likaja. Likalia, likabembeleza, likatisha.
Sinia akainua sikio moja, akalishusha.
Mimi nikatoka na ndala mkononi.

Nikamkuta Bi Mwanamkuu naye kasimama ugani kwake,
amejitanda shuka, anatazama juu ya bati langu.
Dume, sikuwaambia, ni lake. Kalilea tangu nusu kiganja.
"Amepona?"
Anapumua.
Akanyamaza. Mbu wakatuhesabu.
Kisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nazi:
"Na haya madume, shoga,
sahihi yake anaweka nani?"