Kibano

Siri ya mtungi aijuaye kata;
ya kidevu changu, kibano,
na taa ya bafuni saa kumi na moja alfajiri,
Gyumri bado imelala chini ya theluji,
Hrant ameugeukia ukuta, anakoroma.

Miaka kumi na minne.
Wenzangu wana malaika, laini, wa shingoni.
Mimi nilikuwa na ndevu. Tuziite kwa jina:
nyeusi, kavu, kama uzi wa kushonea viatu.
Benki niliketi mkono shavuni,
na wateja wakanisifu,
mwanamke wa busara, daima anawaza.

Daktari Melanya hakucheka.
Alipima damu, akapiga picha ya ovari,
akasema ni homoni, si laana.
Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni.
“Utakojoa sana. Usishike mimba ukiwa unakimeza.
Na usinihukumu kabla ya miezi sita,
unywele ni mkaidi.”

Nyumbani nikasema ni presha.

Mwezi wa kwanza: choo.
Wa pili: choo, na kizunguzungu kwenye ngazi.
Wa tatu nililia mbele ya kioo,
kibano mkononi, zote zipo, hata moja haijahama.

Wa nne, mama mkwe akapiga meza.
“Nani ananiibia dawa ya moyo?”
Alikuwa ameshika boksi langu.
Rangi ile ile, herufi zile zile,
ile ile anayomeza yeye, miguu isimvimbe.

Nikamwonyesha jina langu.
Satenik akavaa miwani, akasoma,
kisha akakitazama kidevu changu
kwa muda, nami sikujifunika.
Akaanza kucheka, akacheka hadi akashika kiti.
“Kumbe! Changu kina miaka miwili hakinichomi.
Nikadhani uzee umenionea huruma.”

Akavuta droo ya sindano,
chini ya vitambaa akatoa kibano cha fedha,
meno yamelika,
alichoachiwa na mama mkwe wake,
bila neno, alisema, bila neno hata moja.

Siku hizi tunameza pamoja,
saa mbili, kwa chai ya majani ya mlimani.
Anagonga kikombe chake kwenye changu
kama watu wa harusini.

Huu ni mwezi wa nane.
Jana zilikuwa tatu, nyembamba.
Nilisahau kuzing'oa.
Nikaenda nazo kazini,
mikono yote miwili mezani,
nikihesabu noti.