Nukta ya Nne

Kimeletwa kwa bodaboda, kimefungwa gunia la alizeti,
kilo arobaini kasoro, oili ikimchirizikia dereva mgongoni.
Chilewa amefuata kwa miguu, kofia mkononi
kama mtu aliyeitwa kituoni.
"Mbukwenyi, fundi. Kimechemka kidogo tu."

Kidogo.
Nimekilaza chali mezani, nikakiosha kwa dizeli,
nikaweka rula ya chuma pembe kwa pembe.
Mwanga wa mlangoni ukapita chini yake
pale pasipostahili kupita hata pumzi.
Kati ya silinda ya pili na ya tatu
gasketi imeungua, imeacha doa jeusi, umbo la ulimi.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.
Huyu hakutia.
Alilima ekari sita Pandambili na rejeta inayovuja,
akaja kumwaga ndoo nzima mwishoni,
maji ya baridi, chuma bado kinatokota.
Sasa kinanyolewa chenyewe.

Ubavuni, chini ya kutu, nimezikuta nukta.
Tatu, za senta panchi, kama punje za uwele.
Ya kwanza simjui mwenyewe.
Ya pili imelala upande, ya mtu mwenye haraka.
Ya tatu naijua: imezama, imenyooka.
Mwaluko, aliyenifundisha kukereza,
alipiga nyundo mara moja tu
na hakurudia kitu, hata salamu.
Kila nukta, kichwa kimenyolewa mara moja.
Kila kikinyolewa, chuma hakioti tena.

Nimepima unene kwa kalipa. Nimepima tena.
Chilewa anatazama uso wangu, hatazami kalipa.
"Kinafaa?"
Kinafaa. Ila hakina nyama.

Nimekifunga kwenye mashine, nimekitega kwa vibati vya soda
mpaka sindano ya kipimo ikatulia.
Kisu kikaanza kutembea.
Unga wa chuma ukadondoka, mweusi, laini kama ugoro,
na nyuma ya kisu, njia inayong'aa
ambayo jua halijawahi kuiona.

Robo tatu ya safari, umeme ukakatika.

Nikasikia Kibaigwa yote:
upepo ukikwaruza mabati, kinu cha jirani kikifa pole pole,
sokoni mtu akihesabu magunia, akikosea, akianza upya.
Pale kisu kilipozimikia pamebaki ngazi.
Jicho haliioni. Ukucha unaiona.
Kuiondoa, lazima nirudi mwanzo, nile tena
nilichokuwa nimeapa kukiacha.

Tumekaa saa mbili na nusu.
Chilewa amenieleza asichoulizwa:
watu kumi na moja wamelipa mapema walimiwe,
hela imekwenda ada ya Mbeleje, kidato cha kwanza,
na jana jioni wingu limeonekana upande wa Mpwapwa.
Wingu la uongo, nikasema.
Hata la uongo, akasema, watu wameliona.

Umeme uliporudi aliniomba: "Nyoa sana, fundi. Kiwe kioo."
Nimenyoa unywele.
Sifuri nukta moja nane, pamoja na ngazi.
Kona ya boliti ya mwisho limebaki kovu la kutu,
halifiki kwenye pete ya gasketi, halimdhuru mtu.
Nimeliacha.
Kulifuta ni kula mbegu ya fundi
ambaye leo pengine anajifunza kutambaa.

Siti za valvu nimezishusha kwa mkono, sita,
mmoja mmoja, nikizungusha, nikifuta, nikizungusha,
mpaka rula ikalala na mlango ukakosa pa kupitisha mwanga.

Kisha senta panchi ya Mwaluko, mpini wake umechanua kama uyoga.
Mkono umetetemeka.
Nukta ya nne imekaa pembeni kidogo ya mstari.
Baada yake pamebaki nafasi ya moja,
nayo finyu.

Chilewa amepitisha kidole juu yake.
"Na hii alama, fundi, maana yake nini?"

Nikamwambia anunue rejeta.